Kiti cha Nyuma cha Pikipiki ya Baba

Ipo siku moja, mwanangu Shija, ambayo nikiikumbuka mpaka leo nakunja ngumi, na mimi ni mzee mwenye wajukuu. Sikupanga kukusimulia. Lakini jana mchana nimekukuta nyuma ya nyumba umepiga magoti mbele ya pikipiki ya babu yako, chaki mkononi, grenda imeshachomekwa kwenye umeme, na umechora mstari mweupe kwenye fremu, pale chini ya kiti cha nyuma. Pale pale! Ukanionyesha picha kwenye simu ukasema, "Baba, tukikata hapa itakuwa ya kisasa, kiti kimoja tu." Nikang'oa waya ukutani nikaondoka. Nasikia umeenda kumwambia mama yako kwamba mzee siku hizi amekuwa mkali. Ndiyo, ni mkali. Kaa hapo uambiwe kwa nini.

Wiki tatu umekuwa ukiisugua fremu ile kwa brashi ya waya. Umeuona mshono wa kuchomelea, upande huu na upande ule, na hata siku moja hujauliza umetoka wapi. Mstari wako wa chaki umepita juu ya mshono huo huo. Basi ujue kwamba aliyeikata pikipiki ile mara ya kwanza ni mimi.

Nilikuwa na umri kama wako, kichwa kimejaa maji. Babu yako alikuwa katekista, na pikipiki ile ya Kiingereza aliipata kwa bwana pamba mmoja aliyekuwa anahama Bariadi. Akatembelea nayo vigango vyote, kiangazi na masika. Maksai wake wa mbele alipozeeka na kuchinjwa, ngozi yake haikuuzwa. Baba aliilainisha mwenyewe akakivalisha kiti cha nyuma, manyoya meusi yenye doa jeupe yakiwa juu, ili anayebebwa asiumie. Wagonjwa wamekaa pale. Mama yangu alikaa pale akiwa na uchungu wa kunizaa mimi, akafika hospitali salama. Hayo nilikuwa nayajua, Shija. Usifikiri sikuambiwa.

Kisha injini ikakwama, pikipiki ikasukumwa kwenye ghala la pamba, na kuku wakataga ndani ya taa yake ya mbele. Miaka ikapita. Baba naye mguu ukamharibikia, akawa mtu wa fimbo. Ndipo ikaja habari kutoka Mwamapalala kwamba dada yake, shangazi Minza, yuko kitandani na kila siku anamuulizia kaka yake. Basi la siku zile lilikuwa linakushusha barabarani, halafu unakanyaga kwa mguu mwendo wa saa mbili kwenye njia za ng'ombe. Kwa mguu wa baba haikuwezekana, na bodaboda hazikuwepo.

Baba akaniita. "Wewe una mikono ya ufundi," akasema. "Ifufue ile pikipiki. Ikiwaka tu, nipakie nyuma unipeleke kwa Minza."

Nikasema ndiyo, baba. Niliitamka vizuri kabisa, kwa mikono miwili na kichwa kimeinama.

Ufundi wenyewe nilifundishwa na Mzee Kulwa, fitta mstaafu wa mitambo ya jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba; mzee mfupi asiyecheka. Jambo la kwanza alilonizuia ni kuigusa injini kwa spana zangu za milimita. Pikipiki za Kiingereza za zamani nati zake ni za inchi, na mitambo ya jineri ilikuwa ya inchi vilevile, kwa hiyo yeye spana zake alikuwa nazo, amezifunga kwenye kipande cha turubai. Akaniazima. Pistoni ilikuwa imeganda kwenye silinda. Tukamimina mafuta ya taa kwenye tundu la plagi, tukasubiri, tukamimina tena, kila siku nikiujaribu mguu wa kiki taratibu, mpaka siku moja ukasogea upana wa ukucha. Nilipiga kelele kama mwendawazimu. Tukafungua kabureta, tukaitoa nyumba nzima ya mavu. Mzee Kulwa aliniwekea sharti moja tu, ambalo kule jineri walilishika hata kwa baiskeli ya mlinzi: kitu cha mtu ukikitengeneza, safari yake ya kwanza ni ya mwenyewe. Fundi hajionyeshi nacho kabla. "Ikiwaka," akaniambia, "anapanda baba yako. Wewe ni dereva tu."

Nikaitikia, nikatia pamba masikioni.

Iliwaka siku ya Alhamisi mchana. Loh! Ule mlio mzito, wa polepole, unaousikia kifuani. Baba alikuwa uani anachambua choroko. Akaacha ungo akasimama bila fimbo yake. Akasema, "Basi kesho asubuhi."

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Bado, baba. Kuna vitu vidogo vya kumalizia."

Ulikuwa uongo. Hapakuwa na kitu cha kumalizia. Pikipiki ilikuwa nzima, matairi mazuri, na petroli nilishaipata. Lakini nilikuwa na karatasi iliyochanwa kwenye gazeti la Kizungu, ina picha ya pikipiki kama ile imekatwa nyuma, imeinama mbele, kiti kimoja, tanki jekundu linang'aa. Nilitaka watu wa mnadani wanione juu ya kitu kama kile. Hasa wasichana, nisikufiche. Siku kumi na sita nilijifungia ghalani. Nilipaka tanki rangi nyekundu. Nilikunja eksozi. Baba alipokwenda kufundisha watoto wa komunio, nilichukua msumeno wa chuma nikakata fremu nyuma, huku na huku, nikang'oa keria, nikang'oa madigadi. Ile ngozi ya maksai niliwatupia mbwa. Baba alikuwa akija mpaka mlangoni anauliza, "Bado?" Nami nikiwa ndani najibu, "Kesho kutwa, baba." Si mara moja. Nikiisikia sauti yangu ile sasa hivi ningeichapa makofi.

Jumapili nikaitoa. Nimevaa miwani ya jua ya kuazima, kola imesimama. Majirani wakashangilia, watoto wakaruka. Baba akatoka ndani. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kofia, na kwapani ameshika kifurushi cha mchele na sabuni ya dada yake. Alikuwa amejiandaa tangu alfajiri, mama aliniambia baadaye. Akaligusa tanki. Akasema, "Imependeza." Akazunguka taratibu na fimbo yake mpaka nyuma, akasimama pale.

"Nami nikae wapi?" akauliza.

Nikaanza kumweleza kuhusu mtindo.

"Sijakuuliza mtindo. Nimekuuliza nikae wapi."

Baba yangu hakuwa mtu wa kupaza sauti, lakini siku ile aliipiga fimbo yake ardhini mpaka ikapasuka. "Minza amelala kule anasubiri!" akafoka mbele ya majirani wote. "Nimekuamini, nimekuja mlangoni kwako kila siku kama ombaomba, kumbe ulikuwa unanikata mimi! Vua hiyo miwani nikuone macho." Nikaivua. Aliniangalia kidogo tu, akageuka.

Mchana ule ule akapanda mkokoteni wa ng'ombe wa jirani uliokuwa unaelekea njia ile. Mvua zilikuwa zimeanza, na udongo wetu wa mbugani unaujua ukilowa. Walikwama, wakalala njiani, wakakwama tena. Alifika siku ya tatu. Shangazi Minza alikuwa amezikwa jana yake.

Jioni ya Jumapili ile alikuja Mzee Kulwa. Hakunisalimia, na mimi salamu yangu ya jioni nikaimeza. Akachukua spana zake, akazifuta moja moja, akazifunga kwenye turubai. Kisha akainama akaviokota vile vipande vya fremu nilivyovitupa kwenye takataka, akaondoka navyo kwapani. Niliona ananidhalilisha. Nikamchukia wiki nzima.

Baba aliporudi alikaa siku nyingi bila kuniita jina. Aliyonieleza hatimaye ni maneno machache, na aliyasema huku anaangalia pembeni. Kwamba shangazi alikuwa anaujua mlio wa pikipiki ile tangu zamani, akiusikia tu alikuwa anainjika chungu. Kwamba siku zake za mwisho, kila gari au trekta likinguruma mbali, alikuwa anawaambia wanawe wamwinue akae. Wakimwinua, anasikiliza, anasema, "Si yeye huyo." Wanamlaza.

Siku kumi na sita, Shija. Siku kumi na sita alikuwa anainuliwa na kulazwa, na mimi nilikuwa nasubiri rangi ikauke!

Ndipo nikaenda kwa Mzee Kulwa nikapiga magoti mlangoni. Hakunihubiria. Akatoa vile vipande chini ya kitanda. Tukavichomelea kila kimoja mahali pake, tukarudisha keria na madigadi, nikashona kiti kipya cha turubai, maana ngozi nilishaipeleka kwa mbwa. Nikaileta mbele ya mlango wa baba, nikaiwasha, nikamwambia, "Baba, kiti kipo." Akatikisa kichwa. Hakupanda siku ile. Hakupanda mwaka ule. Mpaka tunamzika, baba hakukikalia kiti kile. Na nikuambie ukweli ambao hata mama yako sijamwambia: nilimkasirikia. Kaburini pale nilikuwa nalia huku nimemkasirikia, kwa nini hakukaa hata mara moja, hata kuzunguka nyumba, ili nami nipumue. Hasira ile ndiyo uliyoiona jana nilipong'oa waya. Wewe umeichokoza tu.

Sasa sikiliza. Sikukatazi ufundi. Mikono yako ni mizuri kuliko yangu, na ile sumaku ya kutoa cheche za plagi uliyoitengeneza juzi nimeiona, ingawa sikukusifu. Paka rangi unayoitaka, hata ya waridi, shauri yako. Weka taa za kisasa. Lakini ukiahidi kitu kwa mtu, kitengeneze mpaka kifae kwake, umpe, ndipo uongeze mapambo yako. Na kikishakuwa tayari, usimwambie "bado" ili wewe upate muda wa kujipendezesha. Mwambie kiko tayari saa hiyo hiyo. Mtu anayekusubiri hakuambii amebakiwa na siku ngapi. Na ukikabidhiwa kitu cha zamani, uliza mshono umetoka wapi kabla hujawasha mashine. Kuuliza kungekugharimu nini, we kijana?

Siku ulipoanza kazi hii uliniambia, "Baba, ikiwaka nitakupeleka Mwamapalala." Ulisema kwa kupita tu, unakula muhogo. Mimi neno hilo nililishika. Tangu shangazi azikwe nimekwenda kaburini kwake kwa basi, kwa lori, kwa bodaboda. Kwa mlio ule sijakwenda, kwa sababu kila nilipotaka kuiwasha mwenyewe mikono ilikataa. Sasa na mimi mguu unanisumbua, kama baba.

Nimeisikia jana asubuhi ikiwaka, Shija. Ulifikiri niko shambani. Nilikuwa kwenye choroko, nikasimama. Halafu mchana nakuja nakukuta na chaki.

Mungu akubarikie mikono hiyo, akupe watoto watakaokusubiri na watakaosubiriwa nawe, na asikupe hasira hii yangu, ikome kwangu. Futa huo mstari. Jumamosi asubuhi nitavaa koti, nitatoka nje na kifurushi changu, nitazunguka mpaka nyuma ya pikipiki. Usinifanye nikuulize nikae wapi.