Orpha Stidham na Wimbo wa Hobert

Katika bonde la Caney, mashariki ya Kentucky, ukimtaja Orpha Stidham watu watakuuliza, "Si yule dada yake Verdie?" Basi, imekwisha. Mwanamke aliimba redioni kila Jumamosi asubuhi kwa miaka tisa, na jina lililombakia ni la udada. Linaudhi, lakini ndivyo lilivyo.

Alianza kuimba akiwa mdogo sana, katika kanisa ambalo gita halikuruhusiwa kuvuka kizingiti chake. Mzee wa kanisa alitamka mstari, na watu wote wakauvuta pamoja, polepole. Mungu alimpa Orpha sauti nzito, akampa Verdie, mdogo wake kwa miaka mitano, sauti nyembamba ya kupanda. Walipoimba wawili, Orpha ndiye aliyeshika wimbo wenyewe, na Verdie akamsindikiza kwa juu. Na kwa kuwa Verdie akianziwa juu koo lilimkwama, Orpha alijizoesha kuanza chini, chini kuliko alivyopenda, ili mdogo wake apate nafasi. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo, na hakuna aliyemshukuru.

Kaka yao Hobert alikufa mgodini akiwa na miaka kumi na tisa, dari ya makaa ilipomwangukia. Mama yao, Lurania, hakutoa chozi kwa wiki nzima. Siku ya nane, akiwa barazani anachambua maharage, akautunga wimbo: beti nne, na Hobert akitajwa kwa jina katika kila ubeti, na taa yake, na buti zake zilizobaki mlangoni. Kisha akaweka sharti. Wimbo ule utaimbwa mahali pamoja tu, juu ya kaburi la Hobert, Jumapili ya mwisho ya Mei, siku ya kupamba makaburi, watu wapandapo kilimani na majembe, masufuria ya chakula na maua ya karatasi yaliyochovywa nta.

"Huu si wa redio," aliwaambia binti zake. "Huu ni wa kaka yenu. Nikisikia umetoka nje ya ua wa makaburi, nafufuka."

"Mama, mbona hujafa bado?" Verdie akamchokoza.

"Najizoesha."

Redioni mabinti wale waliimba nyimbo nyingine, katika kipindi cha wauza unga, wakiwa wamevaa magauni yaliyoshonwa kwa magunia ya unga huohuo. Bonde zima liliwasikiliza. Kisha akaja bwana mmoja kutoka Nashville, kule zinakorekodiwa nyimbo, kofia nyeupe kama sahani, akawasikiliza mara mbili na kusema anamtaka mmoja tu. Alimtaka Verdie. Mama alikuwa kitandani wakati huo, hajiwezi, na Orpha hakuwa mtu wa kusukumwa ndipo ajue wajibu wake. Alimpigia mdogo wake pasi nguo zote.

"Nikishajiweka sawa nakuita, dada," Verdie alimlilia begani. "Naapa."

Wamesema wa kale, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Aliyesema hivyo hakuwa na mdogo mwenye sauti nzuri.

Mama alifariki majira ya baridi yaliyofuata. Verdie alituma shada la maua, yeye hakuja. Mwezi wa tatu Orpha alikuwa dukani kwa Bwana Farris akinunua hamira, redio ikiimba rafuni, akasikia wimbo wa Hobert. Kwanza alidhani ni kichwa chake tu kinakumbuka. Kisha akaitambua sauti ya Verdie. Lakini ilikuwa ile njia ya juu, ya kusindikiza, sasa inatembea peke yake na kujifanya ndiyo wimbo, na kule chini aliposimama Orpha siku zote, gita lilikuwa linalialia. Hobert hakutajwa. Mahali pake aliwekwa mchumba mwenye macho ya bluu aliyemwacha mtu njia panda. Mtangazaji akasema Verdie ameutunga mwenyewe, kwa moyo uliovunjika.

"Mdogo wako katutoa kimasomaso!" alisema Bwana Farris, na machozi yanamlengalenga.

Orpha aliacha hamira juu ya meza ya duka akatoka.

Alimwandikia Verdie mistari miwili tu. Jibu likaja upesi: "Dada, usinikasirikie. Walitaka wimbo mmoja zaidi nami nilikuwa sina. Mei nakuja. Nitasimama kaburini mbele ya watu wote niseme ni wa mama na ni wa Hobert. Nisipofanya hivyo, usiniite tena ndugu yako." Orpha aliikunja barua ile akaiweka ndani ya Biblia. Hakutaka kingine. Alitaka yasemwe maneno yale, pale, na watu wakisikia.

Mei ikafika, na Verdie akaja na gari refu lililokwaruza tumbo kwenye mawe ya kijito. Wanawake walikuwa wanapanga keki za matofaa makavu.

"Nywele zile kajengewa na fundi gani?" mmoja akauliza.

"Fundi mwashi," akajibiwa.

Verdie akawakumbatia wote, akala, akalia, akawa Verdie yuleyule. Orpha akamvuta kando. "Utasema kabla au baada?"

"Baada, dada. Tuimbe kwanza, nipate nguvu."

Wakasimama kaburini. Ndugu Elihu, mhubiri wao aliyekuja mwaka ule, akainua mkono, na Orpha akaanza. Na kwa mazoea, bila kufikiri, akaanza chini, akamwachia mdogo wake nafasi. Verdie akapanda juu yake. Miaka yote watu walivua kofia wakasikiliza kimya. Safari hii, mstari wa pili tu, wote wakaingia, na wote wakaenda juu na Verdie, kwa maneno ya redioni, kana kwamba redio imewafutia ule wa zamani. Orpha akiimba Hobert, wao wanaimba macho ya bluu. Wimbo alioutunga mama yake ulibaki kwake peke yake, huko chini, na hakuna aliyelisikia lile jina. Angeweza kuupandisha, na koo la Verdie lingekwama mbele ya watu. Hakuupandisha. Alimwonea huruma, hata pale.

Walipomaliza, Ndugu Elihu alijifuta macho. "Dada Verdie, Mungu kakupa wimbo. Na wewe, Dada Orpha, umemsindikiza vizuri kweli! Umejifunzia redioni?"

Watu wote wakamgeukia Verdie. Verdie akafungua mdomo. Orpha akangoja.

Verdie akamwekea mkono begani. "Dada yangu ana sikio jepesi," alisema. "Akisikia mara moja, kashika."

Wakacheka kwa upendo. Orpha aliuondoa mkono ule begani kwake, taratibu, kama mtu anavyotoa mwiba. Akainama akayaweka sawa maua ya nta juu ya kaburi. "Hobert," alisema, "leo hukuimbiwa." Verdie alimsikia. Alikuwa karibu mno, asingeweza kukosa kusikia.

Orpha aliishi miaka thelathini na mmoja baada ya siku ile. Redioni hakurudi. Kila mwaka alipanda kilimani Jumamosi, kutangulia wenzake, akapalilia kaburi na kuuimba wimbo wote, juu kabisa, pale sauti yake ilipopapenda tangu utotoni. Barua ilikaa ndani ya Biblia, naye aliitii kama ilivyoandikwa. Wageni walikuja mara kwa mara kuitafuta nyumba alikozaliwa yule mwimbaji mashuhuri, wakamkuta barazani anachambua maharage.

"Samahani, mama. Si wewe dada yake Verdie?"

"Hapana," alikuwa akiwajibu. "Mimi ni dada yake Hobert."