Dagaa Kwenye Korido ya Zahanati

Karani alifunga dirisha baba akiwa bado anaeleza kwamba jeshini alishaachishwa. "Askari wanatibiwa kambini kwao," ndilo neno la mwisho tulilosikia. Baba aliegemea mkongojo, kidonda cha mguuni alichorudi nacho kutoka vitani kinanuka, na mimi nimeshika suruali yake.

Leo nimekaa foleni kwenye zahanati ileile. Harufu ya dagaa kwenye kitenge cha mama mmoja imenirudisha pale.

Siku ile nilikimbia ufukweni Kibirizi kumwambia mama. Yeye na wenzake walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kuanika. Wakajitwika mabeseni ya dagaa wabichi, maji yanawachuruzika mabegani, wakaja mpaka koridoni.

"Fungua, baba," mama alimwambia karani. "Usipofungua, leo tunaanika humu."

"Mnanitisha?"

"Hapana, baba. Tunatafuta pakavu tu."

Beseni la kwanza likamwagwa sakafuni. Walipoinua la pili, dirisha likafunguka. Baba akatibiwa, na mguu ule akautembelea mpaka uzeeni. Tangu hapo hakuna askari wa zamani aliyefukuzwa pale, wala mkewe, wala wanawe.

Wewe karani bado uko Ujiji. Juzi nimekuona unatembea kwa miguu yako miwili. Mguu wa baba yangu ulitaka uoze kwa nini? Nijibu.