Mke Wangu Anataka Twende Uhispania, Mimi Nile, Yeye Anitazame

Admin, assalaam alaikum. Naomba unifichie jina, maana Muscat hii sisi wa Zanzibar tunajuana mpaka kwa magari. Mimi ni mwanamme wa miaka hamsini na tatu, nafanya kazi serikalini, nakaa Ghubra na mke wangu. Watoto wameshajitegemea, na binti yetu mkubwa kaolewa yuko Mabela. Sikuwahi kutoa mambo ya nyumba yangu nje, lakini hili limenishinda.

Kisa chenyewe kilianza miaka ya tisini, tulipofunga dishi la televisheni. Jioni moja mke wangu alikuta kipindi cha kaskazini ya Uhispania. Maji ya bahari yamekupwa, wanawake wamevaa mabuti, wameinama kwenye mchanga wanaokota chaza na kutia ndooni. Aliniita kwa kelele nikadhani kuna moto jikoni. "Njoo utazame! Si bibi yangu huyu? Si hivi hivi alivyokuwa akienda pwani Pemba?" Tangu siku hiyo tukawa na safari. Wiki moja ya kula tu, hatutazami makumbusho wala majumba ya wafalme.

Tuliipanga miaka, jamani. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana tunatandika ramani juu ya busati, chai pembeni. Siku ya kwanza pweza wao wa kuchemsha, anayeliwa na mafuta ya zeituni na pilipili ya unga. Mimi nikibisha kwamba pweza bila nazi ni chakula cha mgonjwa, na yeye akinambia nitakula na nitaomba tena. Siku nyengine dagaa wa kuchoma, siku nyengine jibini ya milimani. Nyama tulikubaliana tuiache, baharini kunatosha. Alinunua kanda ya kujifunzia Kihispania, akawa anaisikiliza garini. Tukipeleka gari kwa fundi kule Ghala, kanda inaimba na yeye anajibu, fundi anamshangaa. Cha mwanzo alichokihifadhi ni kuuliza kama chakula kimepikwa na mafuta ya nguruwe.

Watoto wakaoa na kuolewa, nikapata likizo ndefu. Nikakata tiketi za mwezi wa tisa bila ya kumwambia, nikitaka kumfurahisha. Nilitazama kalenda ya ofisini tu, sikukumbuka kwamba Ramadhan inarudi nyuma kila mwaka. Nilipompa tiketi akacheka mpaka akakaa chini. "Bwana wee, umenikatia tiketi ya kwenda kula ndani ya mwezi wa kufunga?"

Nikamwambia msafiri kapewa ruhusa, atakula, atalipa akirudi. Akatikisa kichwa. "Ruhusa ni ya mtu mwenye safari yake. Mimi safari yangu ndo kula kwenyewe. Ntamwambia nini Mola wangu?" Tukaahirisha mpaka mwaka unaofuata, na Ramadhan ile tukawa tunataniana wakati wa kufuturu, kila tambi ikija mezani anauliza kama hii ndiyo Uhispania.

Kabla mwaka haujageuka akaanza kulalamika ulimi. Kidonda hakiponi. Sitaki kuyaeleza yote. Alikatwa, akachomwa kwa mionzi, akapona kwa maana ya kuwa yu hai, na Alhamdulillahi kwa hilo. Lakini ladha imeondoka, na madaktari wamesema wasitudanganye, hairudi. Koo limebana. Anakunywa uji mwepesi na supu iliyochujwa, basi. Mwanamke aliyekuwa akijua kwa harufu tu kama biriani imezidi zafarani.

Mimi nikaacha kula mbele yake. Nikawa nakula jikoni, nimesimama, mlango nimeurudisha, kama mwizi. Ijumaa moja nimekaanga samaki changu, nimo katika kutafuna, nikageuka nikamkuta mlangoni. Sauti yake siku hizi ni nzito na inatoka kwa tabu. "Unanificha chakula?" Nilitamani ardhi inimeze. Akavuta kiti akakaa mbele yangu. "Kaa. Kula. Nambie kikoje." Nikamwambia kizuri. Akakasirika. "Kizuri ndo nini? Ngozi imekauka? Ndimu umetia kabla au baada?" Nikaanza kumweleza tonge kwa tonge, na yeye kafumba macho, mdomo unakwenda kidogo kidogo kama anatafuna. Nililia, wallahi, mbele ya changu.

Jumatano iliyopita akaniletea ramani ile ile. Anataka twende mwezi wa nne. Miji yote, vyakula vyote kama tulivyopanga, uji wake atauchukua kwenye chupa ya chai. Mimi nile, nimsimulie.

Binti yangu aliposikia alikuja mbio kutoka Mabela. "Baba, wiki nzima umkalishe mama mbele ya sahani usizoweza kumpa? Hiyo ni dhuluma. Mkatalie." Na mimi moyo wangu uko kwa binti yangu. Naogopa kukaa mezani kule, pweza mbele yangu, yeye ananitazama, na kila tonge linikwame. Lakini nikimkatalia, nimemnyang'anya kitu cha mwisho alichobaki nacho cha kukitamani.

Jana nilijaribu. Nikamwambia, "Mke wangu, hii si safari yako tena, utateseka bure." Akanipapasa mkono, akacheka kile kicheko chake cha zamani.

"Mimi nshafunga," akasema. "Wewe ndo msafiri. Una ruhusa. Kula."

Wenzangu mliowahi kuuguza mtu mnayempenda, nishaurini. Nimpeleke? Na nikifika kule, pweza nitammezaje?