Usiangalie Mashini

Juma lililopita, fundi aliyekuwa akichimba shimo la choo kwenye avenyu yetu ya zamani alinipigia simu. "Mama, njoo. Tumepasua lava mpaka tumefika kwenye udongo, na kuna makopo." Nikapanda pikipiki kutoka Himbi, mtaa ninaokaa sasa, roho juu juu. Unajua mlima wetu wa moto umeanza tena kuwa mwekundu jioni, ardhi inatikisika kidogo kisha inanyamaza, na nyumbani kwangu mabegi yamefungwa tayari, yako nyuma ya mlango.

Makopo ya nani, nilijua kabla sijafika. Yalikuwa ya muzee wa filme, jirani yetu; ndani yake aliweka filme zake. Kabla yake, rafiki yangu, filme zilikuwa za watu wa mbali. Yeye alianza kwa kuwabebea mapadri mashini ya kuonyeshea, Kibumba, Kalengera, barabara nzima ya Rutshuru, na padri mmoja alipoondoka akamwachia kamera. Akawa wa kwanza kwetu kutengeneza filme na watu wetu. Hakutafuta waigizaji. Alichukua washonaji, madereva wa kamyo, wauza kabichi. Fundisho lake mbele ya kamera lilikuwa moja, na sisi watoto tulilifanya mchezo tukiwa tunateka maji: "Angalia kazi yako, usiangalie mashini!"

Mama yangu aliuza kabichi. Muzee akamchukua acheze mwanamke anayemngoja mume wake kando ya barabara. Mwishoni alitakiwa aondoke na beseni lake kichwani bila kugeuka. Mama akageuka, akaiangalia kamera, akacheka. Muzee alimgombeza sana, lakini utepe wa filme ulikuwa umemwishia, akaiacha picha hivyo hivyo. Ilionyeshwa kwenye shuka jeupe ndani ya sali, ule ukumbi wa parokia. Kila mutu alisema mama alimwangalia yeye. Kuanzia hapo watu walimwalika muzee kila mahali, na vijana wakaja kwake kujifunza kazi. Mimi, siku ile ya kuonyeshwa, nilikuwa mgongoni mwa mama, nimelala.

Kisha mama akaugua, akafa. Koko, mama ya mama yangu, alikwenda kwa muzee na kitambaa cha kilio kichwani. Kwetu, kilio kina siku yake ya kumalizwa, familia inakula pamoja na marehemu anaachwa aende. Koko akasema, "Papa, usimutembeze mutoto wangu ku ukuta mbele kilio kiishe." Muzee akainamisha kichwa, akakubali kutoionyesha ile filme mpaka kilio kiishe. Na mimi koko akaniahidi, akinisafishia kichwa kwenye jua huku sombe, yale majani ya muhogo, ikichemka: siku kilio kitakapomalizwa, utamuona mama yako anatembea. Sikuwa nakumbuka uso wake hata kidogo. Niliishi nikingoja hiyo siku.

Wakati huo tulikuwa tunaogopa watu. Waporaji walipita nyumba kwa nyumba, na kila familia ilizika kitu chake: redio, cherehani, vitambaa vya harusi. Muzee naye akachimba nyuma ya jiko lake, akazika makopo yote, akapanda maharage juu. Tulimsifu. Hakuna aliyetazama upande wa mlima, ingawa mbwa walikuwa wakilia mchana na maji ya kuoga yalicheza ndani ya beseni. Sote tulikuwa tunasikiliza mlango.

Mlima ulipasuka kabla kilio hakijamalizwa. Tulikimbia na magodoro kichwani. Tuliporudi, avenyu ilikuwa jiwe jeusi, bado la moto chini ya viatu, na muzee alikuwa akitembea juu yake, akitafuta mahali pa jiko lake. Hakushika kamera tena mpaka alipokufa. Koko nilimkasirikia miaka mingi kwa kuizuia ile filme, na hata leo, nikisikia harufu ya sombe, ile hasira inarudi.

Sasa fundi akafungua kopo la kwanza mbele yangu. Ndani kulikuwa na donge jeusi la filme iliyoyeyuka. La pili, donge. Yote. Nikakaa juu ya jiwe na kulia, na sikuona haya.

Kulikuwa na kijana mwenye kamera, amekuja kupiga picha za mlima kabla haujafanya vituko tena. Aliponiona na kopo mapajani, akasogea, akainua mashini yake. Hakumjua muzee, labda mwalimu wa mwalimu wake alimjua. Akasema taratibu, "Mama, endelea tu na kazi yako. Usiangalie mashini."

Nyuma yake moshi wa mlima ulikuwa umeanza kuwa mwekundu. Nina binti nyumbani, anayelala karibu na yale mabegi. Nikafuta macho, nikageuka, nikaiangalia kamera kama mama alivyofanya, na nikajilazimisha kucheka.