Nimekuja na Databesi Yangu na Haitoki

Leo nimeulizwa kama mimi ni mgeni wa kutembea na sufuria yake.

Niko Kanduyi, kwa kliniki moja. Wiki jana niliwawekea programu ya kusajili wagonjwa. Fundi wao, Wafula, alinikataza kuweka databesi yangu, ghala la taarifa za wagonjwa. "Madam, seva yangu iko na yake. Tumia hiyo."

Nikatumia.

Jana akasasisha seva nzima. Databesi yake ikabadilika, programu yangu ikashindwa kuisoma. Asubuhi benchi limejaa wagonjwa, hakuna faili inafunguka, na mimi niko kwangu Kitale, napigiwa simu: "Programu yako imekufa."

Ati yangu.

Nimefika na CD. Programu na kila kitu inachotegemea, databesi yangu ikiwemo, pamoja. Wafula akaangalia. "Megabaiti tisini? Si huu ni mzigo, bana. Wewe ni mgeni wa kutembea na sufuria yake?"

Diski ya seva yake ni ya gigabaiti themanini, mzigo wangu ni tone tu humo. Nikaendelea kuweka.

Faili zikafunguka. Karani akaanza kuita majina.

Wafula bado: "Siku databesi yako ipatikane na tundu la usalama, sasisho la seva halitaifikia. Nani ataziba?"

Hapo ako sawa, nakubali.

"Mimi. Nitatoka Kitale nije nizibe."

Akanimiminia chai. "Utakunywa yetu, ama pia umebeba yako?"

Karani alicheka mpaka akasahau jina aliloita.

Nimekunywa vikombe viwili. Databesi haitoki.

Mafundi, semeni. Nimekosea wapi?