Kitasa cha Tatu

Kazini walimwita Mama Sumaku, kwa kuwa ndiye aliyelaza watu ndani ya ile mashine kubwa ya sumaku inayopiga picha za ubongo. Usidhani ni hospitali. Makampuni yalileta birika, viti, chupa za manukato. Mtu analazwa, anaoneshwa bidhaa, na kompyuta inaonesha ubongo umeamka wapi. Siku hizi midomo ya wanunuzi haiaminiki, eti, mpaka wachunguliwe kichwani.

Siku hiyo hakuwa na raha. Alfajiri binti yake alikuwa amekuja na begi, jicho limevimba, naye kama mama akamwambia arudi kwa mumewe mchana huo huo, akaombe radhi.

"Ndoa ni kuvumilia, mwanangu. Mbona mimi na marehemu baba yako tuliishi vizuri?"

Sasa, ofisini walikuwa na desturi: kabla ya kupokea wageni, mfanyakazi mmoja hujilaza mwenyewe kuijaribu mashine. Zamu ilikuwa yake. Bidhaa yenyewe ilikuwa vitasa vya milango. Unaona picha, unasikia mlio wa kitasa kikizungushwa. Viwili vilipita hivi hivi. Cha tatu kilizunguka polepole, naye akafa ganzi mwili mzima.

"Mama, umewaka kama jiko," mwenzake anayesoma zile picha alimtania. "Hapa huwaka mtu akipenda sana, au akiogopa sana. Mashine haitofautishi. Ila wewe mjane, hayo ni mapenzi tu. Umemkumbuka mzee."

Aliitikia kuwa ndiyo, ni mapenzi. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye alikilalia miaka yote akiwaambia watu hakina hata mmoja. Marehemu alizungusha kitasa vile vile, polepole, akirudi na hasira zake. Siku za kubamiza mlango ndizo zilizokuwa za heri. Mtu yuko kaburini, jamani, na bado anaogopwa.

Akatoka nje bila viatu, akampigia bintiye.

"Usiende, mwanangu. Rudi nyumbani. Nilikudanganya, baba yako..."

"Nimeshafika, mama. Yuko hapa."

Simu ikachukuliwa.

"Nani huyo?" Sauti ya mkwewe ilikuwa ya chini, haina haraka.

Maneno yote alikuwa nayo mdomoni, tena mchana kweupe, mbele ya lango la kampuni, watu wanapita. Akajisikia akijibu kwa adabu:

"Ni mimi, baba. Nilitaka kuwasalimu tu."