Mdakaji Auzwe

Mjini Barahona, pwani ya kusini, wako watu wanaongoja msimu wa besiboli uanze ndipo wapate la kusema. Nereo Cuevas hakuwa mmoja wao. Kwake mpira wenyewe ulikuwa usumbufu tu: ulikuja Oktoba, ukaharibu hoja nzuri alizozijenga mwaka mzima, kisha ukaenda zake. Maisha hasa yalikuwa kipindi cha usajili, pale timu zinapouziana na kubadilishana watu, jua linawaka hadi lami inanata kwenye viatu, na kila shabiki ana mamlaka yote ya mwenye timu, isipokuwa timu.

Kazi yake ilikuwa kushona makochi. Karakana ilikuwa sebule ya mbele ya nyumba yake, na redio ilikaa kwenye rafu pamoja na makopo ya gundi. Asubuhi nzima alifanya kazi huku ameshika misumari midogo kwa midomo, kama wafanyavyo mafundi wa makochi, na majirani walimshukuru Mungu kwa misumari hiyo. Ikifika saa sita, Porfirio Lantigua akifungua simu kwenye kipindi chake cha michezo, Nereo aliitema misumari kiganjani na kupiga.

"Yule mrushaji tuliyemleta kutoka Venezuela ni garasa," alisema mwaka mmoja, kabla mtu huyo hajashuka hata kwenye ndege. "Nimeona picha yake akisaini mkataba. Mkanda uko tundu la mwisho. Huyo atakimbia kwenda wapi?" Mrushaji akafukuzwa kabla ya Krismasi. Kuhusu mlinzi mmoja wa uwanja wa nyuma, ambaye mji mzima ulimpenda kwa tabasamu lake, alisema kwamba kila mpira wa juu kwake ni habari mpya. Watu walinuna, halafu wakaenda uwanjani, wakatazama, wakarudi wakiwa wapole.

Timu yake ilikuwa Kaa wa Barahona, wenye rangi ya kijani. Watani wao wa jadi walikuwa Majogoo wa Puerto Plata, huko kaskazini, upande wa pili kabisa wa nchi, na hao walivaa nyekundu. Kwa sababu hiyo kitambaa chekundu hakikuingia karakana ya Nereo. Mjane wa mfamasia aliwahi kuleta kochi akitaka jekundu, likarudi na rangi ya bilinganya. Alipolalamika, Nereo alimshauri kwa upole akapime macho.

Lakini jambo aliloringia kuliko yote ni haki. "Mimi kwenye mpira sina ndugu," alikuwa akisema, na alilisema mara nyingi mno. Mungu naye si kiziwi. Binti yake wa pekee, Yaniris, akaolewa na Wilfrán Medrano, mdakaji wa Kaa, yule anayechuchumaa mchezo mzima nyuma ya mpigaji, na ambaye hakuna mtu anayemwona mpaka akosee.

Wilfrán na Yaniris wakapanga nyumba mtaa wa pili. Kila asubuhi Yaniris alikuja kunywa kahawa kwa wazazi wake, na mwaka huu, baada ya kungoja hadi watu wakaacha kuuliza, alikuja na mimba. Nereo alichagua mbao nzuri, akaanza kutengeneza kiti kidogo cha mtoto, akakivika kitambaa cha kijani chenye kaa aliyedariziwa mgongoni. Kombe angelipenda, kwa nini aseme uongo, lakini alichokitaka hasa duniani ni hiki: mjukuu huyo akulie mtaa wa pili, asubuhi aletwe karakana, akae kwenye kiti chake wasikilize redio wawili. Basi.

Sasa sikia jinsi mdomo unavyoponza kichwa.

Duka la Chichí lilikuwa kwenye kona, lina bia baridi na meza ya domino kibarazani. Jioni moja ya Juni Nereo alikuwa pale akimaliza kuchambua usajili wa timu zote za nchi, Chichí akaegemea kaunta.

"Mzee Nereo, na mdakaji je?"

"Mdakaji kafanya nini?"

"Hicho ndicho tunachouliza. Warushaji umewachambua. Walinzi umewachambua. Hata anayeokota magongo umesema miguu yake mizito. Mdakaji, kimya! Tangu siku ya harusi."

"Kala wali wa harusi huyo," alisema Tatico, mcheza domino asiye na adabu, bila kuinua macho kwenye vipande vyake. "Akishiba mzee, haki inalala."

Meza nzima ikacheka. Nereo hakucheka. Aliweka chupa chini ikiwa nusu, jambo ambalo Chichí hakupata kuliona tangu afungue duka, akaenda nyumbani.

Kesho yake saa sita alitema misumari.

"Mdakaji auzwe," alisema.

Lantigua, mtu ambaye analipwa kusema lolote redioni, alishusha sauti. "Nereo, huyo si mkweo?"

"Nyumbani ni mkwe. Uwanjani ni mtu wa miaka thelathini na mitano mwenye magoti ya bibi yangu, na bibi yangu amekufa. Msimu uliopita walituibia vituo, wakikimbia na kufika kabla ya mpira wake, hadi nikaona haya kuangalia. Auzwe sasa, angali ana jina. Baní wanatafuta mdakaji, na wana kijana anayerusha kwa mkono wa kushoto. Tubadilishane, kila mtu alale vizuri."

Baní hakuitaja kwa bahati mbaya. Baní iko njia hiyo hiyo ya kusini. Mtu anaweza kuichezea na bado akala chakula cha Jumapili kwa wakwe zake. Nereo aliona ametenda haki bila kupoteza kitu, na binadamu akishaona hivyo hashikiki tena. Alipiga tena siku iliyofuata, na iliyofuata. Mwezi haukuisha mashabiki wakaufanya wimbo, na maneno "Mdakaji auzwe" yakaandikwa kwa chokaa kwenye ukuta wa uwanja. Baní hawakuiandika. Wimbo mzuri hauna nafasi ya maelezo.

Jumapili moja wote wanne walikuwa mezani, Eneida, mke wa Nereo, akigawa nyama ya mbuzi na ndizi za kukaanga. Wilfrán, ambaye alikuwa mtu mpana na mpole, alitafuna akameza.

"Baba, jana umesahau bega."

"Bega lipi?"

"Hili la kulia. Nalo limechoka. Nikirusha kwenda kituo cha pili linalia kama bawaba. Kesho ukipiga, litaje."

"Sikulijua hilo," alisema Nereo, na alisikitika kweli, kama fundi aliyepewa vipimo nusu.

Yaniris aliweka kijiko chini. "Nyinyi wawili mna wazimu. Baba, huyu ni mume wangu."

"Mwanangu, kwenye mpira mimi sina..."

"Malizia," alisema Yaniris.

Hakumalizia. Lakini Jumatatu alipiga simu, akalitaja bega.

Habari yenyewe ilitoka Agosti, na kwanza ilitoka redioni, kwa sababu Barahona hakuna kitu kinachotoka kwingine. Lantigua alisoma kwa sauti yake ya misiba: Kaa wamempeleka mdakaji Medrano kwa Majogoo wa Puerto Plata, na wamepata mrushaji kijana wa mkono wa kushoto. Mwenyekiti wa Kaa akaongezea mwenyewe kwamba uongozi huu unasikiliza mashabiki, hasa yule mzee wa makochi.

Nereo nusura ameze msumari.

Chichí alikuwa wa kwanza kufika, na bia iliyofunikwa barafu. "Nabii!" alipiga kelele mlangoni. "Sema na bei ya mchele, Mzee, labda nayo watakusikia!" Nyuma yake alikuja Tatico, akamshika mkono na kumwomba radhi mbele ya watu kwa yale ya wali wa harusi. Waligonga meza, wakaimba wimbo wao. Nereo alisimama katikati ya sifa alizozitamani maisha yake yote, ameshika bia isiyonyweka, na akatamani wote watoke.

Walipotoka, akaingia Wilfrán.

"Wamenipa na kazi ya kufundisha wadakaji wachanga," alisema. "Ya mwaka mzima. Na nyumba."

"Kazi nzuri."

"Nzuri sana. Kwa magoti haya, nani mwingine angenipa?"

"Puerto Plata ni mbali."

"Ni mbali, baba."

"Mimi nilisema Baní."

"Nilikusikia," alisema Wilfrán, bila hasira hata chembe, na Nereo angeona nafuu kama angetukanwa. "Wao hawakusikiliza hadi mwisho."

Waliondoka Jumamosi, na gari la mizigo lenye kitanda na jokofu. Yaniris aliingia karakana kuaga, tumbo limemtangulia. Alikiona kiti. Alimpapasa yule kaa wa mgongoni kwa kidole.

"Hiki hakiwezi kwenda," alisema. "Mtoto wa mdakaji wa Majogoo akalie kijani? Watatucheka mtaa mzima."

"Basi kibaki. Akija kunitembelea..."

"Atakuja, baba. Krismasi. Pengine na Pasaka." Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti aliishika. "Najua ulisema kweli. Magoti ni kweli, bega ni kweli. Kila kitu ulichosema ni kweli. Mimi nilitaka mara moja tu udanganye, kwa ajili yetu."

Nereo akambebea mkoba wake hadi garini.

Jumapili asubuhi Eneida alimimina kahawa vikombe vitatu kwa mazoea. Alikitazama kile cha tatu, akakisogeza mbele ya mumewe.

"Umemuuza mwenyewe," alisema. "Kunywa na ya kwake."

Akanywa. Ilikuwa na sukari nyingi, kama Yaniris alivyoipenda, na aliimaliza yote.

Jumatatu alikwenda duka la vitambaa akasimama mbele ya Zoila, mwanamke aliyemuuzia vitambaa tangu ujana wao.

"Nipe nyekundu."

"Unataka ya bilinganya?"

"Nyekundu, Zoila."

Zoila alimtazama usoni kuona kama anaumwa. Akamkatia, akaifunga kwenye karatasi mara mbili ili asionekane nayo barabarani, maana alikuwa mwanamke mwenye utu.

Nereo alirudi karakana akabandua kijani cha kiti msumari kwa msumari, akavika nyekundu. Kumdarizi jogoo kulimpa shida. Mkono ulimkataa, na jogoo wa kwanza alitoka na miguu ya kaa. Akafumua, akaanza upya. Siku iliyofuata, saa sita, akapiga simu.

"Nabii wetu!" alisema Lantigua. "Tuambie, huyu kijana wa mkono wa kushoto unamwonaje?"

"Sikupiga kwa ajili yake. Nimepiga kuhusu mdakaji."

"Mdakaji yupi? Si tumeshamuuza?"

"Huyo huyo. Tumekosea kumuuza. Magoti yake ni mazima."

Kibarazani kwa Chichí, kipande cha domino kilibaki hewani mkononi mwa Tatico.

"Mazima?" aliuliza Lantigua.

"Kama ya mbuzi."

"Na bega?"

"Bega hilo usiliseme. Hakuna bega kama lile nchi hii. Majogoo wamepata mtu, tena wamtunze, yeye na mkewe."

"Lakini Nereo, ni wewe uliyetuambia..."

"Nilikosea," alisema Nereo Cuevas, na akakata simu. Hakuwa amewahi kudanganya kuhusu besiboli. Alidanganya vibaya, sauti inapanda pasipotakiwa, na hakuna msikilizaji hata mmoja, kusini wala kaskazini, aliyemwamini. Alirudisha misumari mdomoni na kuendelea na kazi.

Jioni simu ikalia.

"Baba, hujui kudanganya," alisema Yaniris.

"Najifunza."

"Wilfrán hawezi kushuka kitandani bila kusukumwa, wewe unasema mbuzi!"

"Naye alisikia?"

"Alisikia. Kacheka hadi akakaa chini, na sasa tunatafuta wa kumwinua." Kisha akashusha sauti. "Kile kiti bado unacho?"

"Ninacho."

"Kijani?"

Nereo alikitazama kiti mezani. "Nitakuja nacho Jumamosi," alisema. "Utakiona."

Jumamosi asubuhi Eneida alimkuta mlangoni na kiti mkononi, akamletea shuka. "Kifunike basi. Lazima upite kwa Chichí kwenda kituo cha basi, na leo wako wote."

"Nimewaona," alisema Nereo. Akaliacha shuka, akakipandisha kiti kichwani, kikiwaka jua zima, jogoo mbele.

Kibarazani vipande vya domino viliwekwa chini alipofika kwenye kona. Chichí alitoka nje na kitambaa cha kufutia chupa. Hatimaye Tatico akashindwa kujizuia.

"Mzee Nereo, hiyo nyekundu?"

"Macho unayo."

"Na huu nao ni ubadilishanaji gani? Umetoa nini?"

Nereo akasimama. Hakuwahi kuulizwa maoni yake juu ya ubadilishanaji akapita bila kujibu, na hakuona sababu ya kuanza leo.

"Nimetoa rangi," alisema.

"Umepata nini?"

"Mjukuu."

Walimtazama. Yeye akakiweka kiti sawa kichwani, akaupima mpango huo kama alivyopima mingine yote, bila upendeleo.

"Majogoo tumewapunja," alisema, na akaenda kupanda basi la Puerto Plata.